Kuzunguka Italia kwa Treni Pamoja na Vijana Wawili: Tathmini ya Usafiri

Familia inayopanga kwenda Italia ikiwa na vijana wa rika la balehe hulazimika kuamua mapema itasafiri vipi kati ya mji na mji: kwa gari la kukodi, kwa basi la watalii au kwa reli. Sisi tulikuwa wanne, wazazi wawili na vijana wa miaka 14 na 16, na kwa siku kumi tulitegemea reli peke yake, kutoka Roma hadi Napoli, kisha kaskazini hadi Florence, na mwisho Venice. Nimeipima huduma hiyo kwa mambo ya kawaida kama nauli, muda na starehe, lakini kipimo nilichokipa uzito zaidi ni kama kijana anaweza kukabidhiwa safari akaiongoza mwenyewe, kwa sababu kuburutwa siku kumi nyuma ya wazazi humchosha kijana kuliko makumbusho yoyote.

Gari tuliliondoa kwenye hesabu bila mjadala mrefu. Katikati ya miji kama Roma na Florence kuna maeneo yaitwayo ZTL, ambamo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia katika saa zilizopangwa; kamera hunasa namba ya gari, na faini huja kumfikia mgeni miezi kadhaa baadaye, safari ikiwa imeshasahaulika. Venice, kwa upande wake, haina kabisa pa kupitisha gari ndani ya mji wa kale.

Njia kuu za treni za kasi zinahudumiwa na kampuni mbili zinazoshindana: Trenitalia, ambayo ni ya serikali na ndiyo yenye treni ziitwazo Frecciarossa, na Italo, kampuni binafsi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2012. Treni za kampuni zote mbili hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa. Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika kumi hivi, Roma hadi Florence ni kama saa moja na nusu, na Florence hadi Venice ni saa mbili na kidogo. Kwa mwenye vijana tofauti kati ya kampuni hizi ni ndogo, na mimi ningechagua kwa saa ya kuondoka na bei kuliko kwa jina. Viti huwa vimepangwa tangu wakati wa kununua tiketi, hakuna anayepima uzito wa mizigo, na nafasi ya masanduku inatosha mradi mtu asije na sanduku asiloweza kulinyanyua mwenyewe. Wengi huvisifu viti vinne vinavyotazamana vyenye meza katikati, wakidhani familia itazungumza njia nzima. Nasi tulidhani hivyo safari ya kwanza, tukaishia kugombania nafasi ya miguu, na baada ya hapo tukawa tunachukua viwili viwili, vijana safu moja na sisi safu nyingine, na amani ikarejea.

Asiyejua asije akategemea mandhari. Kati ya Florence na Bologna, kipande kilichofunguliwa mwaka 2009, reli hupita chini ya milima ya Apennini, na zaidi ya kilomita 70 kati ya takriban 78 ni mahandaki. Mtandao wa simu hukatika, dirisha huwa jeusi, na ndipo utakaposikia malalamiko yaliyokuwa yamenyamazishwa na simu.

Kuhusu kuwakabidhi vijana safari, hapo ndipo reli hii iliponishangaza. Stesheni kubwa kama Roma Termini inaonekana kama vurugu tupu, lakini ina kanuni chache ambazo kijana wa miaka 14 huzishika kwa asubuhi moja. Kuna ubao wa Partenze, yaani treni zinazoondoka, na ubao wa Arrivi, zinazofika. Anayesimama mbele ya ubao wa pili atasubiri hadi jioni. Ubao huonyesha mwisho wa safari ya treni, si mji unaoshukia wewe, hivyo treni inayokupeleka Florence yaweza kuandikwa Venice au Milano, na njia ya uhakika ni kulinganisha namba ya treni iliyo kwenye tiketi na ile iliyo kwenye ubao. Neno ‘binario’ ni namba ya jukwaa, nayo hutokea muda mfupi tu kabla ya kuondoka. ‘Ritardo’ ni dakika za kuchelewa. ‘Soppresso’ maana yake treni imefutwa. Tiketi zote tuliziweka kwenye simu ya kijana mkubwa, mdogo wake akapewa kazi ya ubao, na sisi wazazi tukakubaliana kutosema neno hata kama wangetupeleka jukwaa lisilo letu. Mara moja walitupeleka kweli. Waligundua wenyewe walipoona namba ya treni ubavuni mwa behewa haifanani na yao, wakageuka wakikimbia na masanduku, nasi tukiwafuata tukihema. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuwaamsha siku ya safari, isipokuwa siku moja ninayoieleza hapa chini.

Nauli za treni za kasi hupanda kadiri tarehe inavyokaribia na tiketi za bei nafuu zinavyokwisha. Zile za chini kabisa, ambazo Trenitalia huziita Super Economy, hazibadilishwi wala hazirudishiwi fedha, ilhali nauli ya Base hukuruhusu kubadili saa au siku. Sisi, kwa tamaa ya kuokoa, tulinunua za bei ya chini kwa safari ya asubuhi kutoka Napoli. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikula saa nne, kwa kuwa mikahawa mingi huko haiwashi jiko la jioni kabla ya saa moja, na asubuhi kijana mkubwa hakuamka hata kwa maji. Tuliikosa treni, tukanunua tiketi nne upya kwa bei ya siku hiyo hiyo, na kosa lilikuwa letu kabisa. Ushauri wangu ni kwamba mwenye vijana anunue tiketi rahisi kwa safari za adhuhuri na asinunue kamwe tiketi isiyobadilika kwa safari iliyo kabla ya saa nne asubuhi. Kuna pia mpango wa Trenitalia unaowaruhusu watoto wasiofikisha miaka 15 kusafiri bure wakiwa na mtu mzima anayelipa nauli ya Base. Kijana wetu wa miaka 14 aliingia, wa 16 akalipa nauli nzima. Kabla ya kuuchagua, piga hesabu ya jumla, kwa maana wakati mwingine tiketi nne za bei ya chini zilizonunuliwa mapema hushinda mpango huo.

Treni za mikoa ni huduma ya aina nyingine. Bei yake haibadiliki, hazina viti vilivyopangwa, na hakuna faida ya kununua wiki mbili kabla. Mtego wake ni mmoja: tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda, na mkaguzi hasikilizi hadithi ya ugeni. Ukiwa na ya simu, kuna hatua ya kuithibitisha siku ya safari, ambayo vijana waliifanya kabla hatujamaliza kusoma maelezo.

Kwenda Pompeii kutoka Napoli ni kwa treni ya mtaa, na kituo unachokitaka ni Pompei Scavi–Villa dei Misteri, kilicho karibu na lango la magofu. Kuna kituo kingine kiitwacho Pompei tu, ambacho kiko mbali kidogo. Tulisimama njia nzima, tumebanwa, joto kali, mabegi tumeyakumbatia kifuani. Hata hivyo vijana ndio wanaoikumbuka zaidi siku hiyo, labda kwa sababu baada ya dhiki hiyo walitembea katika mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 bila kulipa hata senti ya kiingilio. Magofu na makumbusho ya serikali nchini Italia ni bure kwa walio chini ya miaka 18, japo pale inapotakiwa bado ni lazima kuwawekea nafasi. Makumbusho ya Vatikani hayahusiki, kwa kuwa si ya serikali ya Italia.

Ratiba ya treni ifuate siku za kufungwa: makumbusho ya Uffizi na ya Accademia, inamosimama sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo kufika Florence Jumapili usiku na kuondoka Jumanne asubuhi ni kupoteza nauli. Migomo, ‘sciopero’, hutangazwa mapema, na katika siku za kazi treni za mikoa huhakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Treni ikichelewa saa moja au zaidi, sheria za Umoja wa Ulaya zinakupa robo ya nauli, na nusu ikifika saa mbili au zaidi, lakini ni lazima uombe.

Treni ya mwisho ilitupeleka Venice, ambako wageni wengi hukosea kwa kushuka Mestre, kituo kilicho bara. Kijana mdogo alikuwa ameshasimama na begi mgongoni Mestre ilipotangazwa; kaka yake akamvuta mkono, akamwonyesha tiketi: Santa Lucia, kituo cha Venice yenyewe. Dakika kumi baadaye treni ilikuwa inavuka wangwa juu ya daraja, maji pande zote mbili, na hakuna kati yao aliyekuwa akitazama simu.