Inkubeta ya mayai ya geko: mashine nzuri, ila usiiamini namba ya kwenye skrini

Niliagiza mtandaoni hapa Marekani, kampuni siitaji. Ni ile ya umbo la kifriji kidogo, mlango wa kioo, inapasha na inapoza pia, na huko kupoza ndo kulikonifanya nitoe hela, maana kiangazi nyumba yangu inachemka halafu zile mashine za mayai ya kuku zinajua kupasha tu, tena zimelenga 37 na ushee, joto ambalo yai la geko linaivia humo humo.

Mimi nafuga lepadi geko, wale mijusi wa asili ya Pakistani na Afghanistani, madoadoa na mkia mnene (mama yangu nyumbani akisikia nalisha mjusi kwa hela yangu anasonya tu). Hawa hawana kromosomu za jinsia, joto la yai ndo linaamua. Ukitotolesha kwa 26 unapata karibu majike watupu, 30 majike bado wengi ila madume washaanza kuingia, 32 na nusu madume ndo wanatawala, halafu ukipanda hadi 34 wanarudi majike tena karibu wote, ila hao wa joto kali huwa wakorofi na wafugaji wengi hawapendi kuwazalisha. Jambo lenyewe lilianza kuandikwa 1966 na mtafiti Madeleine Charnier kule Senegali, yeye aliliona kwa wale mijusi wa jamii ya Agama, ndugu zake yule mwenye kichwa chekundu anayepiga pushapu ukutani.

Kwa hiyo digrii mbili tatu si za kupuuza. Nimeiset 80 za Farenhaiti, kama 27 hivi, maana nataka majike, nikaweka kipimajoto changu cha waya ndani ya kopo pembeni ya yai: rafu ya chini 80 safi kabisa, rafu ya juu 85, yaani inaigusa 30, na skrini inasema 80 bila aibu. Kihisio kiko chini na feni yake haina nguvu. Nikawaandikia, wakanijibu ati ni kawaida!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanakupa siku 30 za kurudisha, wakati kwa joto hilo mayai yanakaa karibu miezi miwili, na kitoto kikitoka bado huwezi kujua ni dume au jike mpaka kikue miezi kadhaa, uanze kuona vile vitundu vilivyojipanga kama V juu kidogo ya shina la mkia. Hapo muda wa kurudisha ushapita zamani.

Mazuri yapo. Haina kelele, rafu ya chini haiyumbi hata usiku, na hapo katikati ya uatamizi ndo jinsia inapoamuliwa kwa hiyo kutoyumba ni muhimu sana. Chupa za maji nilizopanga rafu ya juu zimesaidia kutuliza joto. Mlango unatoa jasho, funika makopo yasidondokewe, na yai liweke alama ya penseli juu, usiligeuze kama la kuku.

Nyota tatu kwa tano. Kama unatotolesha mayai machache na una kipimajoto chako, chukua. Kama unataka kujaza rafu zote na uuze majike kwa uhakika, tafuta yenye feni ya maana, kwani rafu ya juu itakuchanganyia madume, na madume wawili hawakai kopo moja na wateja hawawataki wengi.