Chumba cha kumi kwa kumi: cha kununua kwanza na cha kusubiri

Wengi wetu Dar es Salaam tunaanzia chumba kimoja, futi 10 kwa 10. Tukishalipa kodi ya miezi sita, senti iliyobaki tunaikimbiza kwenye kabati la nguo. Mimi nasema kabati lisubiri.

Piga hesabu. Chumba hicho kina futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita kinakula 30. Kabati la milango miwili, upana futi 4 na kina futi 2, linakula 8, na milango ikifunguka inataka 8 nyingine ambazo huwezi kuweka hata ndoo. Bado jiko, vyombo, maji, na mgeni naye akija akae. Unacholipia kodi ni sakafu, kwa hiyo nimevipanga vitu vya kuhifadhia vifuatavyo kwa kuangalia kipi kinahifadhi vingi na kula sakafu kidogo.

1. Kitanda chenye uvungu mrefu

Hiki ndicho cha kwanza, na hakina mpinzani. Uvungu wa futi moja chini ya tano kwa sita ni futi za ujazo 30. Lile kabati, likiwa na urefu wa futi 6, lina 48. Yaani unapata zaidi ya nusu ya kabati pale pale ambapo kitanda kingekaa tu.

Ukienda kwa mafundi wa Keko, usiulize bei kabla ya kuinama. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubao wa ubavuni: inchi 14 ndiyo raha, chini ya 10 achana nacho. Angalia pia mguu wa kati umekaa wapi, maana ukikaa vibaya boksi refu halipiti. Vitanda vya droo vinapendeza dukani, lakini droo inahitaji nafasi ya kuvutwa, na chumbani kwetu kitanda kimebanwa ukutani, kwa hiyo droo za upande wa pili hazifunguki kabisa. Mimi nachagua uvungu wazi na maboksi ya plastiki yenye vifuniko. Mende hawaingii, na maji ya mvua yakipenya mlangoni nguo zinabaki kavu.

Kitanda unacho tayari ila ni kifupi? Mwambie seremala akukatie vipande vinne vya mbao ngumu na kuchimba kishimo katika kila kimoja, mguu ukae humo usiteleze. Matofali matupu yanahama kidogo kidogo kila unapojigeuza. Na kabla hujainua, tazama chandarua: kitanda kikipanda, lazima chandarua bado kifike kuchomekwa chini ya godoro pande zote.

2. Rafu juu ya mlango

Ubao mmoja, vishikizo viwili, na ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Weka huko begi la safari, blanketi na vitu unavyovigusa mara moja kwa mwezi. Sakafu haiguswi hata inchi moja.

3. Kabati jembamba la fundi

Sasa ndiyo kabati. Agiza la upana wa futi 3 lipande hadi futi 7, na badala ya milango litiwe pazia. Kina kisipungue inchi 22, vinginevyo mashati kwenye henga yatachungulia nje.

Kuhusu MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi: ni nafuu na inanyooka vizuri, ila adui yake ni maji. Ikinywa, inavimba na hairudi. Kwa hiyo kabati liwe na miguu, lisilale sakafuni, na kingo zote zifunikwe, hata zile za chini zisizoonekana. Pitisha kidole huko chini kabla ya kulipa. Ukihisi unga unga, kingo ziko wazi. Ukiliweka chumbani, liache inchi 2 mbali na ukuta. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo zilizobanwa ukutani hutoka na ukungu na harufu isiyoisha kwa kufua mara moja.

Sharti langu la mwisho ni lifungwe kwa bolti ili liweze kufumuliwa. Kabati langu la kwanza liligundishwa kwa gundi likiwa zima. Siku ya kuhama lilikataa kupita mlangoni, kirikuu kinasubiri nje, na tukalikata kwa msumeno. Niliumia sana, maana nilikuwa nimelidunduliza miezi mitatu.

4. Kabati la kitambaa lenye mabomba

Ni rahisi, unalibeba mkononi, linajengwa jioni moja. Kwa miezi sita ya mwanzo linatosha. Udhaifu uko kwenye viungio vya plastiki: ukitundika majinzi na makoti, bomba la juu linapinda katikati na kabati zima linaegemea upande. Chagua la mabomba ya chuma, lishike juu ulitikise palepale dukani. Nguo nzito zibaki uvunguni.

5. Shangazi kaja na tranka la bati

Kama unavyo, vitumie, lakini usivinunue kwa ajili ya chumba. Shangazi kaja, lile begi kubwa jepesi la zipu, hupasuka zipu na halizuii unyevu. Tranka ni imara na panya halitoboi, ila hewa ya chumvi ya pwani huliotesha kutu, na kutu ikishika shuka jeupe haitoki kirahisi.