Dola moja na nusu ya nini? Uzoefu wangu na zana ya kusoma ahadi za wingu

Niseme mapema: zana yenyewe haijawahi kunigomea hata siku moja. Ndiyo maana nina hasira nayo. Ingegoma, ningeshtuka.

Mimi ndiye fundi pekee wa kompyuta kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro. Mfumo wetu wa kupokea wageni unakaa kwenye seva za kukodi, yaani kompyuta za watu tunazozifikia kwa mtandao, wingu kama wanavyoliita, na ili tupate bei nafuu tuliweka ahadi kwamba kwa mwaka mzima tutatumia kiasi fulani cha dola bila kukosa. Wapo wanaojifunga miaka 3. Sisi tulijifunga mmoja, Mungu alitusaidia. Kazi ya zana hii ni kumsomea wakala wa akili mnemba, yaani programu ninayoiuliza maswali ikanijibu, ahadi hizo, ili nikimuuliza tumejifunga nini na hadi lini, anijibu bila mimi kuhangaika na kurasa kumi.

Masika ile ofisi ilikauka. Magari yamepangwa uani, madereva wanacheza drafti. Mama, yaani bosi wetu, akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, tukizima nusu ya hizo seva mpaka Juni, tutabaki tunadaiwa kiasi gani?"

Nikamuuliza wakala palepale, Mama amesimama nyuma yangu. Akajibu fasta: ahadi yenu ni dola 1.50 kwa mwezi. Mama akacheka. Na mimi nikacheka. Dola moja na nusu! Tukazima seva, na Mama akaagiza matairi kwa hela tutakayookoa.

Bili ikaja. Dada wa uhasibu hakusema neno, aliiweka juu ya kibodi yangu akaenda zake. Alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu mara mbili.

Ilikuwa dola 1.50 kwa SAA. Zidisha kwa saa 730 za mwezi: dola 1,095, zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu, seva ziwake zisiwake. Na saa usiyoitumia haihamii saa inayofuata. Imeliwa.

Nikaenda kwa Mama. "Shikamoo Mama." Akaitikia bila kuinua macho. Nilivyomaliza kueleza akasema, "Kumbe ni kama vile vyumba tulivyolipia Karatu na wageni hawakuja." Alielewa kwa sentensi moja. Walioandika maelezo ya zana hawakuweza hata hiyo moja.

Maana nimeyasoma mara tano nikitafuta kosa langu. Mstari wao, kwa Kiswahili changu, unasema: "Hurejesha maelezo ya ahadi." Basi. Ni kama kuandika juu ya gunia "ndani kuna kilichomo". Chini yake majina ya sehemu: kiasi, sarafu, mwanzo, mwisho, hali. Kiasi cha saa, cha mwezi, cha mwaka? Kimya. Hata muda wa mwisho umeandikwa kwa UTC, saa za kimataifa, bila kutajwa, kwa hiyo saa sita usiku yao huku kwetu ni saa tisa usiku. Hilo nawasamehe, saa za Waswahili zimewashinda wengi.

Lakini hili la kiasi silisamehi. Mimi nikisoma kitu nusunusu naweza kumpigia mtu simu. Wakala hana wa kumpigia. Mstari ule ndio shule yake yote. Ukimwachia pengo atalijaza mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: aliona namba, anajua bili huja kwa mwezi, akamalizia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote, na picha nikaambatanisha. Siku kadhaa kimya, halafu: "Kipimo hiki kinaeleweka kwa wanaoijua huduma." Wanaoijua! Jamani, ningekuwa naijua ningeiuliza mashine?

Basi nikaongeza maneno yangu kwenye maelezo anayoyasoma wakala: kiasi hiki ni dola kwa saa, hulipwa hata seva zikizimwa, kwa mwezi zidisha na 730. Dakika mbili za kazi. Tangu hapo amekuwa kama kiumbe mwingine. Juzijuzi nilimuuliza jambo la pembeni, akanikumbusha kuna ahadi ya pili, ndogo, aliyoiacha fundi aliyenitangulia, ambayo inakwisha kabla wageni wa Julai hawajamiminika. Tusipopanga mapema tungelipa bei kamili msimu ukiwa umepamba moto. Sikuwa najua ipo. Siku ile niliwapandisha kutoka nyota moja hadi tatu, nusura nne. Zana nzuri, nikasema, tatizo ni domo lake tu.

Halafu jana nikafungua ukurasa wao tena. Wameupamba. Rangi mpya, na kidude kinachotabasamu pembeni. Mstari ni uleule.

Nyota mbili. Na moja kati ya hizo ni ya kwangu mwenyewe, kwa zile dakika mbili.

Mama naye siku hizi hata nikimpelekea bei ya bando la ofisi, anainua macho juu ya miwani: "Kwa saa, mwanangu, au kwa mwezi?"