Kadi za nauli kwa msafiri wa mara mojamoja: ipi inakurudishia salio lako?

Tangu nauli zianze kupanda mji baada ya mji, wasomaji wanaoniandikia wana lalamiko linalofanana. Bei ya safari yenyewe wanaivumilia. Kinachowauma ni kwamba walinunua kadi ya nauli, wakaijaza pesa, wakapanda treni mara chache, wakaondoka na salio ndani. Waliporudi baada ya miaka, kadi ilikuwa imekwisha muda, au ilisoma vizuri lakini kiasi kilichobaki hakitoshi tena safari iliyokuwa ikitosha.

Kwa hiyo sitazungumzia kasi ya geti, wala uzuri wa programu ya simu, wala kama kadi inapokelewa kwenye basi na treni pia. Kadi zote nilizozipanga hapa zinafanya hayo. Swali langu ni moja: siku ya kuondoka, pesa iliyobaki inarudi mkononi mwako au inabaki kwao?

Anayesafiri kila siku hana haja ya kulijibu, kwa sababu salio la leo ni nauli yake ya kesho. Wewe unayepita mara moja kwa mwaka unamkopesha mwendeshaji pesa bila riba, na kila nauli inapopanda, mkopo wako unapungua thamani ukiwa umelala. Kadi nyingi hutunza pesa, hazitunzi safari. Seoul, nauli ya msingi ya treni za chini ya ardhi kwa kadi ilipanda Juni 28, 2025 kutoka won 1,400 hadi 1,550. Aliyeacha won 1,400 kwenye kadi yake akijua amejiwekea safari moja, hana safari tena. Hakuna aliyemwibia, lakini safari haipo.

Ya kwanza: Octopus, Hong Kong

Hii ndiyo ninayoipenda, na sitaficha. Ilianza Septemba 1997, na hadi leo sijaona kadi iliyofikiria siku ya mwisho ya mgeni kama hii. Unapoichukua unaweka amana ya dola 50 za Hong Kong, na amana hiyo ni yako. Uzuri wake mkubwa ni kwamba salio linaweza kushuka chini ya sifuri. Kwa kadi zilizotolewa tangu Oktoba 2017, ukibakiwa na kiasi kidogo tu juu ya sifuri, geti litakupitisha na utadaiwa hadi dola 50.

Fikiria hiyo inamsaidiaje mtu wa mara mojamoja. Kwingine, siku ya mwisho umebakiwa na pesa pungufu kidogo ya nauli, unalazimika kuongeza kiwango chao cha chini, na sehemu kubwa ya hicho unaondoka nayo bila kuitumia. Hong Kong unapita tu na deni lako, kisha unairudisha kadi kwenye dirisha la huduma la kituo cha MTR, yaani treni za mji huo, wanakata deni kwenye amana na kukupa kilichobaki. Ukiirudisha kabla ya siku 90 wanakata pia dola 11. Ni gharama, lakini imeandikwa wazi na unaijua kabla hujalipa.

Tahadhari moja: chukua ile ya kukodishwa, yenye amana. Zipo Octopus za kununua moja kwa moja, nyingine zina mapambo mazuri, na bei ya kadi hizo hairudi.

Ya pili: Suica ya kawaida, Tokyo

Suica ilianzishwa na kampuni ya reli ya JR East Novemba 2001. Amana ni yeni 500. Ukiirudisha wanakata yeni 220, lakini wanazikata kwenye salio, hawagusi amana. Maana yake ni kwamba ukilimaliza salio lote kwanza, unapokea yeni 500 zako kamili. Kulimaliza si kazi, kwa sababu maduka ya saa 24 na mashine za vinywaji vituoni hupokea kadi hiyohiyo. Usipoitumia kabisa, hufungwa baada ya miaka 10, muda wa kutosha kwa mtu mwenye nia ya kurudi.

Kinachoiangusha kidogo ni kwamba lazima irudishwe ndani ya eneo la JR East. Kadi inatumika miji mingi ya Japani, kwani tangu Machi 2013 kadi 10 kubwa za nchi hiyo zinapokelewa katika maeneo ya wenzake. Lakini ukiondokea Osaka, amana umeiacha Tokyo.

Sasa hapa naomba mnisikilize. Mgeni anaweza kuuziwa Welcome Suica, na inaonekana nafuu kwa sababu haina amana. Inaisha baada ya siku 28 na salio halirudishwi. Kuanzia Juni 2023, uhaba wa chipu ulisimamisha uuzaji wa Suica na PASMO, kadi nyingine ya Tokyo, zisizo na jina la mtumiaji, na wengi hawakuwa na chaguo. Mauzo yalirudi Machi 2025. Dai ile ya kawaida.

Ya tatu: Oyster, London

Oyster ilianza 2003, na zamani ningeiweka juu zaidi. Ulikuwa unatoa amana ya pauni 5 na kurudishiwa. Siku hizi ni ada isiyorudi: Septemba 2022 ilipanda hadi pauni 7, na haikuishia hapo. Nauli za Tube, treni za chini ya ardhi za huko, nazo zilipanda kwa wastani wa asilimia 4.6 Machi 2025, ingawa nauli ya basi ilibaki pauni 1.75.

Inabaki ya tatu kwa sababu salio lake haliishi muda, na mashine za vituoni hukurudishia papo hapo kama halizidi pauni 10. Watu wengi hawajui hilo. Mamia ya mamilioni ya pauni yamelala kwenye Oyster zisizotumika, na kila nikiikumbuka habari hiyo napandwa na hasira. Hizo ni pesa za watu waliopanda ndege wakidhani salio dogo halistahili usumbufu. Matangazo ya kuongeza salio yako kila kona. Tangazo la kudai salio lingeweza kuwekwa pale pale.

Ila kama kadi yako ya benki ni ya kugusa, London mtu mzima hulipa nauli ileile kwa kuigusisha getini, bila kununua Oyster. Hakikisha tu benki yako haikati ada kila unapolipa kwa fedha za kigeni, maana safari fupi nyingi zikikatwa moja moja zinaumiza kuliko ada ya kadi. Na kila abiria awe na kadi yake.

Za bei ya chini

Navigo Easy ya Paris: euro 2, hairudishwi, inadumu miaka 10. Ina sifa moja kubwa: inabeba tiketi badala ya pesa. Wakati wa Olimpiki, kati ya Julai 20 na Septemba 8, 2024, tiketi ya metro ilipanda kutoka euro 2.15 hadi 4, na waliojaza tiketi mapema walipita kwa bei ya zamani. Usijaze nyingi.

Opal ya Sydney: kadi ni bure, unalipia salio tu. Usiichukulie uwanja wa ndege, kiwango cha chini cha kujaza huko ni kikubwa kuliko mjini.

Ya mwisho: myki, Melbourne

Dola 6 za Australia kwa kadi ya mtu mzima, hazirudi, na kadi inakwisha muda baada ya miaka minne. Isogeze kwenye mashine ndipo ujue umebakiwa na siku ngapi. Tangu kadi za zamani za Metcard ziondolewe mwishoni mwa 2012, mgeni aliyetaka kupanda treni mara moja tu alikosa tiketi ya karatasi ya kumtosha safari hiyo, ikambidi anunue kadi nzima. Ongeza nauli inayopanda Januari: mwaka 2025 kikomo cha siku, yaani kiasi cha juu unachoweza kukatwa kwa siku moja, kilifika dola 11.

Jambo hili linaniudhi kwa sababu lilikuwa rahisi kulirekebisha. Singapore walithibitisha kwamba wasafiri wakisimama, mwendeshaji husikia. Januari 2024 serikali ilitangaza kuwaondoa watu kwenye kadi za zamani za EZ-Link na kuwapeleka kwenye mfumo ambao geti halionyeshi salio. Watu walilalamika, na ndani ya wiki mbili uamuzi ukabadilishwa, ingawa kuendesha mfumo wa zamani kulihitaji nyongeza ya dola milioni 40 za huko. Walitaka kuona pesa yao tu wanapopita.

Na kama una myki ya zamani iliyokwisha muda, usiitupe. Ipeleke ibadilishwe, hawatozi kitu, na salio linahamishiwa kwenye kadi mpya.