Pikipiki nyepesi ya enduro kwa mkazi wa Dar: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kigamboni ya ndani, ukishaiacha lami, ni mchanga. Pugu hadi Kisarawe ni vilima, na udongo wake wakati wa masika unateleza vibaya. Mabwepande kuna makorongo. Halafu siku ya kazi kuna foleni ya Mandela kama kawaida. Enduro, yaani pikipiki ya kupita lami na porini, itapita kote huko, kwa hiyo habari za cc zisubiri kwanza. Jiulize kama ikikulalia mchangani utaweza kuinyanyua mwenyewe, na kama Jumatatu utapata kebo ya klachi yake Kariakoo.

Nimezipanga kwa kigezo hicho. Bei sikuziandika: za dukani zinapanda na kushuka na dola, za mtumba zinategemea na njaa ya muuzaji.

1. Honda XR150L, pamoja na ndugu zake XL125 na XR125L

Kama unataka pikipiki moja tu ya kufanya yote, anzia hapa. XR150L ina injini ya 149cc inayopozwa na hewa, gia tano, na mtindo wa kabureta ambao fundi yeyote wa Ilala anaufungua bila kuuliza. Hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Ikiwa na mafuta inafika kama kilo 128, na kiti kipo takribani sentimita 83 kutoka chini, kwa hiyo hata asiye mrefu anafikisha vidole vya miguu yote miwili. Jambo hilo utalithamini siku gari la mchanga likikubana kwenye njia nyembamba.

Kasoro zipo. Tairi la mbele ni inchi 19 badala ya 21, na kwenye mchanga mzito linazama na kutangatanga. Shokapu zake ni laini. Ukipakia abiria na begi, kwenye kila tuta zinagonga mwisho. Breki ya nyuma ni ya dramu, na mimi hiyo naihesabu kama faida, kwa sababu haikamati ghafla kwenye utelezi.

XL125 ni za zamani zaidi. Nyingi zilitumikia serikalini na kwenye miradi, zikauzwa kwenye minada. Utaikuta imechakaa rangi, madigadi limefungwa kwa waya, na injini bado inawaka kwa kiki ya kwanza. Usiogope sura. Ogopa shokapu za mbele zenye kutu yenye vishimo, maana kutu hiyo inakula sili kila ukizibadilisha.

2. Yamaha XTZ125

Mbele inchi 21, nyuma 18. Vipimo hivyo ndivyo vya enduro hasa, na kwenye njia za Pemba Mnazi, huko Kigamboni, utaona tofauti mara moja: tairi linapanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ni nyepesi kuliko XR150L. Mtu mwepesi anayepanda peke yake ningemwambia aiweke namba moja.

Injini ya 124cc ndiyo inayoishusha. Ukiwa na abiria kwenye mwinuko wa Pugu utarudi gia ya pili na kukaa nayo huko.

3. Bajaj Boxer 150 yenye tairi za porini

Boxer si enduro, na anayekuuzia kwa jina hilo anakuchezea. Shokapu zake zinabonyea kidogo tu na tumbo lake liko chini. Lakini kama porini unakwenda mara mojamoja na siku nyingine zote ni Tabata hadi Posta, sioni sababu ya kujitesa. Spea zake ziko kila kona hadi Mbagala Rangi Tatu, na kuuza ni rahisi kuliko kununua. Weka tairi zenye meno ya wastani na chuma cha kukinga injini, basi. Meno makubwa sana yanalia kwenye lami na yanakwisha haraka.

4. Za 250cc kutoka Japani: Honda CRF250L, Yamaha Serow 250, Kawasaki KLX250

Hapa ndipo moyo na mfuko vinapogombana. CRF250L ni pikipiki bora kuliko zote nilizotaja juu: inapozwa kwa maji, inatumia sindano ya mafuta badala ya kabureta, ina gia sita, na kwenda Bagamoyo kwa lami haichoshi. Serow 250 ni tamu zaidi porini kwa mtu wa kimo cha kawaida kwa sababu kiti chake kiko chini. Cha CRF250L kipo sentimita 87 na nusu. Ukisimama kwenye mteremko wa kokoto na mguu haufiki, utajua maana yake. Tangi lake nalo ni dogo, chini ya lita nane.

Nimeziweka namba nne kwa sababu ya spea. Pedi za breki huenda ukazipata kwa kulinganisha na za pikipiki nyingine, lakini kebo, klachi pleti, sensa na sili utaagiza na kusubiri. Ukiamua kuagiza pikipiki yenyewe, agiza na kifurushi cha spea hizo ndani ya mzigo uleule. Na bei unayoiona kwenye tovuti za Japani ni ya mwanzo tu: juu yake kuna ushuru, VAT ya asilimia 18, gharama za bandari na wakala wa forodha. Mwombe wakala akupe hesabu nzima kwa maandishi kabla hujatuma hata senti.

5. Yamaha DT za tu-stroku

Ni nyepesi, zina hasira, na mlio wake unaita watoto wa mtaa mzima. Nunua kama unapenda kufungua injini kila mara na unakumbuka kuweka oili ya tu-stroku, ile inayoungua pamoja na petroli. Moshi kidogo wa buluu kwao ni kawaida. Kwa hizo nyingine za fo-stroku ni ishara ya ringi au sili za valvu kuchoka.

6. KTM EXC, Yamaha WR250F na za mashindano

Ukinunua hii bila kuwa na pikipiki nyingine umenunua tatizo. Matengenezo yake yanahesabiwa kwa saa za injini kuwaka, na saa hizo si nyingi. Isiyo na taa kamili na namba haiwezi kupita barabarani, kwa hiyo utakodi kirikuu kuipeleka porini na kuirudisha.

Za Kichina zenye umbo la enduro sikuzipa nafasi kwenye orodha. Nyingine ni nzuri, ila jina linabadilika kila meli inapoingia. Kabla ya kulipa, nenda kwenye maduka ya spea na utaje modeli hiyo. Muuza spea akikuuliza “ni ipi hiyo, bosi?”, jibu umelipata.

Ukiwa unaikagua

Fika injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto anaficha ugumu wa kuwaka. Inua tairi la mbele, geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati, beringi za usukani zimekwisha. Shika swingamu (mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma) kwa mikono miwili uitikise kushoto na kulia, isicheze. Gonga spoku mojamoja kwa spana: iliyolegea inatoa sauti ya bubu. Chungulia oili kwenye kioo au kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na Dar yenye mafuriko yake hilo si ajabu. Achana nayo.

Mchanga, chumvi na ea klina

Enduro nyingi za hapa zinauawa na ea klina, yaani chujio la hewa ya injini. Ya aina ya sponji haitakiwi kupulizwa upepo kisha kurudishwa kavu, ingawa gereji nyingi hufanya hivyo na kukuambia “tayari, kaka”. Sponji kavu inapitisha vumbi laini la Kigamboni hadi kwenye silinda, na baada ya muda unaanza kuongeza oili bila kuona inapovuja. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue bila kuisokota, ifue kwa maji ya sabuni, ikauke kivulini. Kisha ipake oili ya filta, au oili safi ya injini ukikosa, uibonyezebonyeze mpaka rangi ienee sawa, na uikamue inayozidi. Mdomo wa boksi la ea klina upakwe grisi nyembamba ili vumbi lisipenye pembeni. Mimi hukaa na sponji mbili: moja kazini, nyingine safi ndani ya mfuko wa nailoni.

Oili iwe yenye alama ya JASO MA, maana klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ya injini na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Angalia sili ya kopo kabla ya kulipa.

Cheni iache ulegevu wa sentimita tatu hadi nne, au kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Fundi anayeikaza kama waya anaua beringi ya sproketi ya mbele, kwa sababu swingamu ikishuka na kupanda cheni inahitaji nafasi.

Ukirudi kutoka ufukweni osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hata kama umechelewa. Presha ya kuoshea gari isilengwe kwenye beringi za magurudumu wala soketi za waya. Kausha, paka cheni oili, halafu iendeshe dakika chache ili breki na eksozi zikauke.

Kwenye mchanga wenyewe punguza upepo wa tairi hadi kama psi 15, simama juu ya vikanyagio, sogeza uzito nyuma na usikate resi ghafla. Kabla ya kurudi lami jaza tena. Pampu ndogo ya mkono, tyubu moja ya mbele (ukibanwa sana inaingia hata nyuma) na vyuma viwili vya kutolea tairi visikose kwenye begi.

Makaratasi

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, uzisome mwenyewe kwenye chuma. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana stika peke yake haitoshi. Leseni yako iwe na daraja la pikipiki. Iliyokuwa na namba za DFP (miradi ya wafadhili) iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kwa hiyo uliza risiti ya kodi iliyolipwa ilipouzwa kwa mtu binafsi; isipokuwepo, mzigo huo unakusubiri wewe siku ya kubadilisha umiliki TRA. Malizaneni uhamisho siku ya kulipana, mwenye jina kwenye kadi akiwepo. Muuzaji akisema kadi iko kwa shemeji yake Morogoro, mwambie utarudi shemeji akija.