Uzoefu wangu: Stesheni ya Bank, London, kabla na baada ya kupanuliwa

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza imepotelea wapi. Maoni mengi ninayoyasikia kuhusu stesheni hii ya treni za chini ya ardhi yanatoka kwa watu wa aina mbili. Kuna mgeni aliyepita hapo mara moja na mabegi yake akapotea, na kuna mwenye ofisi ghorofani ambaye akiamka anaweza kuamua kama leo anakwenda kazini au anabaki nyumbani. Mimi simo humo. Nakaa kusini mwa mto Thames, nafanya usafi kwenye majengo ya ofisi pale City, mtaa wa mabenki na biashara katikati ya London, na laini ya Northern ndiyo inayonifikisha kazini miaka yote.

Asiyeijua Bank ya zamani hawezi kuelewa tulikuwa tunalalamikia nini. Stesheni yenyewe haikuchorwa na mtu mmoja. Treni ya kwenda Waterloo ilianza kufika hapo mwaka 1898, kampuni nyingine mbili zikaleta reli zao mwaka 1900, kila moja na shimo lake. Mwaka 1933 pakachimbwa njia ya kuunganisha na stesheni jirani ya Monument, na DLR, ile reli ya treni nyepesi, ikaja kuwekwa chini kabisa mwaka 1991. Kwenye ramani unaona kiduara kimoja tu. Ukiingia ndani unakuta korido inayopanda kisha inateremka, kona, ngazi, kona tena, na watu wanaokujia kwa mbele kana kwamba wewe ndiye uliyekosea njia. Kabla ya corona walikuwa wanapita abiria zaidi ya milioni 120 kwa mwaka. Saa mbili asubuhi ulikuwa unashuka kwenye Northern unasimama palepale mlangoni, unasubiri walio mbele wasogee, na huku nyuma treni nyingine inaingia na watu wake.

Basi wakaamua kuipanua. Kazi ilianza mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa tulichokiona sisi abiria ni mbao za kuziba njia na mabango ya kuomba radhi. Wengi tuliona ni mradi wa kufungua tu na kufunga. Kumbe huko nyuma ya mbao walikuwa wanachimba handaki jipya la treni, chini ya majengo yenye watu na katikati ya mahandaki yanayofanya kazi.

Zogo lenyewe lilikuja Januari 2022. Ili waunganishe handaki jipya na reli ya zamani, ilibidi tawi la Northern lifungwe kutoka Kennington mpaka Moorgate, wiki 17, kuanzia tarehe 15 Januari mpaka katikati ya Mei. Watu walipiga kelele kweli. Wapo waliosema ni uzembe, kwa nini isifanyike usiku na wikendi. Wapo waliosema stesheni ya London Bridge itazidiwa. Wengine walihesabu dakika watakazopoteza, wakazidisha kwa siku, wakapata namba za kutisha.

Ila angalia ni akina nani waliokuwa wanapanda mabasi ya ziada yaliyowekwa badala ya treni. Katikati ya Januari ile serikali ya Uingereza ilikuwa bado inawaambia watu wafanyie kazi nyumbani wakiweza, na tangazo la kuondoa agizo hilo lilitoka tarehe 19. Waliolalamika kwa sauti kubwa, wengi wao walikuwa sebuleni na kompyuta. Waliokuwa kituoni gizani kwenye baridi ni wafagiaji, walinzi, wapishi, na mafundi wa viyoyozi. Hatukulalamika mahali popote palipoandikwa. Tuliamka mapema zaidi, tukavuka daraja la London Bridge kwa miguu upepo ukitupiga usoni, na msimamizi wetu akaendelea kuandika majina ya waliochelewa kama kawaida, treni iwepo isiwepo. Mwanzoni mwa Machi ukaja na mgomo wa treni juu ya hayo yote. Wiki ile sitaki hata kuizungumzia.

Tarehe 16 Mei ikafunguliwa, na hapa ndipo nilipowavulia kofia wahandisi. Unakumbuka jukwaa la zamani la treni za kuelekea kusini, lile jembamba? Treni haipiti tena hapo. Reli imeondolewa, shimo lake limejazwa, na handaki zima limegeuzwa ukumbi wa watu kutembea. Ukitazama ukuta na dari unaona kabisa kwamba hili lilikuwa handaki la treni, maana umbo la duara lipo vilevile. Treni ya kusini imehamia kwenye handaki jipya pembeni, lenye jukwaa pana ambalo unaweza kusimama bila kupumuliwa shingoni. Mara ya kwanza nilisimama katikati ya ule ukumbi nikiwazuia watu, nikijaribu kukadiria reli ilikuwa inapita wapi.

Baadaye mwaka huohuo zikaja ngazi za umeme na mikanda ya sakafuni inayokubeba kwenda upande wa laini ya Central. Februari 2023 likafunguliwa lango jipya la Cannon Street. Kwa jumla ni ngazi za umeme 12 mpya na lifti, gharama yote karibu pauni milioni 700, na wenyewe wanasema nafasi imeongezeka kwa asilimia 40. Pesa hizo sina pa kuzilinganishia, lakini hiyo asilimia naiamini kwa sababu naiona. Asubuhi sasa unashuka unaondoka. Husimami mlangoni.

Niliitambua thamani ya lile lango shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Magoti yanamsumbua, ngazi tano kwake ni safari. Nilitaka kumpeleka Greenwich akaone meli na mto, basi likatushusha karibu na Cannon Street nikamwambia, "Shangazi, tuteremke kwa lifti." Akaniuliza mpaka wapi, nikamwambia mpaka kwenye treni. Tukashuka, tukashuka. "Mwanangu, mbona tunashuka tu, tunakwenda kuzikwa?" Mzungu mmoja aliyekuwa humo na kigari cha mtoto alitabasamu bila kujua tunacheka nini. Tulifika DLR bila yeye kupanda ngazi hata moja, na njia nzima akawa anaulizia bei ya lifti kama ile.

Sasa nyota ya tano. Siku nyingine shangazi alitaka kwenda Stratford madukani. Kutoka Bank njia ya mkato ni laini ya Central, na huko hakuna lifti. Mamia ya milioni yametumika, na upande wa Central umebaki na ngazi zake. Ilibidi tuende London Bridge tukachukue laini ya Jubilee. Jukwaa la Central ni lilelile, limepinda kiasi kwamba ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Walioijenga reli ile walifuata mitaa ya juu ili wasipite chini ya majengo ya watu, kwa hiyo handaki linajikunja pamoja na barabara. Treni ikisimama kwenye kona ile, kati ya mlango na jukwaa panabaki pengo ambalo mtu mzima anaweza kutumbukiza mguu. Sauti ya kuonya inarudia bila kuchoka. Kelele za magurudumu kwenye reli sijui niseme nini. Nina mwenzangu kazini, dada wa Ghana, anaziba masikio kabla treni haijatokea.

Sielewi wanaoandika kwamba "Bank imekuwa mpya". Imekuwa mpya nusu. Ukiwa mtu wa Northern na DLR utaisifu, ukiwa mtu wa Central utauliza mradi gani huo.

Na jambo moja limenishangaza. Pale Tottenham Court Road, walipokuwa wanapanua stesheni mwaka 2015, watu walisaini kwa maelfu kutetea picha za vigae vya rangi za msanii Eduardo Paolozzi, zilizowekwa miaka ya 1980. Matao yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme yalibomolewa hata hivyo, na vipande vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huku Bank jukwaa zima lilizimwa na sikusikia mtu akililia. Labda hapakuwa na kitu cha kulilia, maana kuta zile zilikuwa za rangi ya meno ya mvuta sigara.

Kwa anayekwenda huko: ukitoka Northern asubuhi, usifuate kundi. Kundi linakwenda ngazi za zamani kwa mazoea, na lango la Cannon Street mara nyingi lina nafasi. Ukiwa na kigari au mzee, tumia hilohilo. Ukiwa kwenye Central na unataka laini za District au Circle, ambazo ziko Monument, alama za Monument zitakutembeza chini kwa chini mpaka ujute; kama mvua hainyeshi, toka nje utembee juu kwa King William Street. Na lango la Walbrook, lililofunguliwa 2018, ndilo zuri kwa treni ya Waterloo, lina lifti pia. Ila Jumamosi na Jumapili usijisumbue, treni hiyo haifanyi kazi.