Kaunta ya koini ya volti 12 kwa mashine ya gemu: nunua, lakini beba na daiodi

Mwenye haraka nimpe jibu kwanza: hii kaunta ndogo nyeusi ya namba saba, ya volti 12, kidude cha kuhesabu koini zikiingia kwa mashine, inunue. Sikulipa hata soo tano. Usikubali tu muuzaji akupatie ya volti 5 ama 24 ati zote ni moja, si moja.

Mashine yenyewe tuliunda hapa Kisumu, boksi ya plaiwudi, skrini ya kompyuta ya zamani na bodi ya gemu nyingi ya JAMMA (ule mpangilio wa kawaida wa kuunganisha bodi za gemu), ile ya pini 56. Iko kwa duka ya shemeji huko Kondele na kuna kijana anaiangalia mimi nikiwa kazini, na hapo ndio kaunta inaingia, juu jioni ukifungua boksi la koini utajuaje kama kuna ya chai ilishatoka? Hii kitu haina kitufe cha kurudisha sufuri, inapanda tu. Asubuhi mnaandika namba kwa daftari, jioni mnatoa ya asubuhi kwa ya jioni, mnazidisha na tano juu kila hesabu moja ni shilingi tano, kama pesa ni hiyo basi ni hiyo, hakuna kuangaliana vibaya. Na stima ikipotea (tunajuana na stima ya huku) namba inabaki vile ilikuwa kwa sababu ndani ni vigurudumu vya plastiki, hakuna memori ya kufutika.

Kuunganisha ni waya mbili tu. Moja inaenda kwa +12V, ingine pini ya 8 ya bodi, ambayo bodi inaivuta graundi koini ikiingia. Usichanganye na pini ya 16, hiyo ni ya swichi ya koini. Halafu daiodi, kale kadude ka kupitisha stima upande mmoja tu, 1N4007 inatosha, unaisolda kati ya hizo waya mbili, upande wenye mstari ukae kwa +12V. Ukiigeuza umeunda shoti. Fundi mmoja pale Kibuye aliniambia "omera, achana na daiodi, itafanya tu," na kusema ukweli itafanya, lakini kila koili ya ndani ya kaunta ikiachilia inarudisha volti kali kwa transista ya bodi, ile swichi ndogo ya kuvuta graundi, siku moja transista inakufa na wewe unaanza kutafuta bodi ingine, na daiodi ilikuwa bei ya peremende. Wenye wanatumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, badala ya bodi ya JAMMA, tafadhali msiweke kaunta moja kwa moja kwa pini, ile ni ya volti 3.3 na haina nguvu ya kuvuta koili, wekeni transista ama rilei katikati na graundi ziungane.

Kitu ya kuchunga sana ni mwendo. Kile kifaa cha kumeza koini nimekifundisha ya tano itoe pigo moja la stima, ya kumi mawili, ya ishirini manne, na unakifundisha zote, zile za kitambo zenye sura za marais na hizi za wanyama zilitoka 2018. Sasa kikiwa kwa mwendo wa haraka, ukitumbukiza ndovu ya ishirini gemu inakupa kredi zako nne sawa sawa lakini kaunta inasonga tatu, gurudumu halijatulia na pigo lingine limefika. Nyuma ya kifaa kuna kaswichi ka mwendo, peleka kwa pole pole, inapiga tak tak tak tak, zote nne. Bila kujua hivyo unaweza kumshuku kijana wa watu kwa pesa kuzidi, ama hata ufurahie ukidhani ni baraka.

Malalamiko sasa. Waya zake ni fupi, hata shubiri haifiki, lazima uongeze. Skrubu hazikuja na duka lenye liliniuzia lilisema ziko ndani ya paketi. Namba ni ndogo, kwa giza ya ndani ya boksi unasoma na tochi ya simu. Na iko na kelele, ingawa kijana anapenda, anasema akisikia tak anajua mtoto ametoa pesa hata kama amempa mgongo.

Nyota nne. Ukiipata tao usilipe kwanza, soma kibandiko kama kimeandikwa DC12V, kisha uombe boda yeyote hapo nje akuguzishie waya kwa betri ya pikipiki yake, namba ikisonga moja, toa pesa.